Wakwe Wawili, Tumbo Moja

Mama yangu alifika kutoka Pangani na doti za kanga, habasoda, pilipili manga na msimamo. Mama mkwe akafika kesho yake kutoka Machame na mkungu wa mishare, dumu la maziwa na msimamo wake.

Kwetu pwani, mimba ya kwanza mwanamke hurudi kujifungulia kwa mama yake. Uchagani, mzazi hulelewa na mama wa mume: miezi mitatu ya mtori na maziwa, hashiki hata ufagio. Mila zote mbili nzuri, sina ugomvi nazo. Ila ndoa yangu ndiyo iliyozikutanisha chini ya bati moja, Kigamboni, kwenye nyumba ya vyumba viwili.

“Mkwe wangu,” mama alianza kwa upole ulionitisha, “tutamchukua mwenzenu Pangani. Yuko mkunga aliyempokea yeye mwenyewe.”

“Vizuri, mkwe,” mama mkwe akajibu, akimenya ndizi bila kuinua macho. “Na huyo mkunga, bado anaona?”

Mume wangu hakuingia kambi yoyote. Alikuwa na daftari la bei za hospitali za binafsi ng’ambo ya maji, safu moja ya kuzaa kawaida, nyingine ya kisu. Moja ilimvutia kwa sababu chumba kina runinga. Mimi nilikumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 1985 kuwa hakuna sababu ya eneo lolote kuzidi asilimia 10 hadi 15 ya wazazi wa kupasuliwa, nikawahesabu majirani zangu waliozalia huko kwenye runinga, nikanyamaza. Kwani nani aliniuliza? Swali lililonifikia mimi lilikuwa moja tu: unajisikia kula nini?

Aliyewaweza ni nesi wa kliniki. Siku hiyo tulikwenda wote wanne, kama tunapeleka posa. Akafungua kadi, akaanza: utazalia wapi, nani atakusindikiza, usafiri upi, akiba kiasi gani, nani watakutolea damu ikihitajika. Hilo la damu liliwafunga midomo. Mume wangu mwenye daftari hakujua hata kundi lake.

Mama akamtaja mkunga wake.

“Bibi, mikono yake siibishii,” nesi akasema. “Lakini kinachoongoza kwa kuua wazazi ni damu, tena mtoto akiwa ameshatoka salama. Sisi tunamchoma mama oksitosini ndani ya dakika moja, na dawa hiyo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Mkunga wako ana friji?”

“Ana mtungi,” mama akasema.

Nesi hakucheka, Mungu ambariki. Alieleza kwamba mimba ya kwanza haijulikani itaishaje, hivyo isikae mbali na chumba cha upasuaji hata kama hakitatumika, na kituo chao cha afya kinacho. Akampokonya mama, kwa heshima zote, kichupa cha dawa ya kuongeza uchungu: hizo zimewahi kupasua vizazi vya watu. Mwisho akatupa namba ya bure ya dharura, 115, ya mfumo wa m-mama, unaoweza kumtuma hata dereva wa mtaani aliyesajiliwa pale gari la wagonjwa linapokosekana. “Ni ya mzazi aliyepata tatizo,” akasisitiza, akiwatazama wale wawili. “Siyo ya kubebea wakwe.”

Basi tukajiandaa. Mume wangu alipakia begi la kujifungulia kwenye buti mapema kabisa, akajisifu mtaa mzima. Buti halikufunga sawasawa, kitaa cha ndani kikawaka siku zote hizo, na usiku uchungu uliponianza betri ilikuwa imekufa zamani. Alipiga ufunguo, gari likakohoa. Mama akapiga salawati, mama mkwe akapiga teke tairi.

Bajaji ya jirani ndiyo iliyotuokoa. Nilikaa katikati, mkwe huku, mkwe huku, beseni mapajani. Mume wangu alifuata kwa bodaboda akikumbatia ndoo, na begi lenyewe likabaki kwenye buti.

Zile mbio zote, kufika nikapimwa: sentimita nne. Mzazi wa kwanza anaweza kwenda saa kumi na mbili na zaidi, nikaambiwa nitembee. Kisha nesi wa zamu akatangaza kwamba wodi ni ya pamoja, wanaume hapana, na msindikizaji ni mmoja tu. Wote wakanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu mimba iingie, neno lilikuwa langu.

Nikamchagua mama mkwe. Mama alikuwa ameshaanza kulia, naye akilia nami hulia. Yule wa Machame amekamua ng’ombe miaka arobaini, na mikono yake ilijua mgongo wangu unauma wapi. Alinikanda mpaka alfajiri bila kusema neno, labda kwa kuwa hakubaki wa kubishana naye.

Binti alizaliwa kilo 3.2, sindano ikachomwa papo hapo, na kwa kuwa kanga zote zilikuwa ndani ya begi, alifungwa kwa ile aliyojitanda mama. Hilo mama analitaja mpaka leo kila akimpigia simu mkwe wake.

Tuliporudi nyumbani mama alidai arobaini, mama mkwe akadai miezi mitatu, hakuna aliyekubali kuondoka wa kwanza. Mume wangu akafungua daftari ukurasa mpya, akaanza kupiga hesabu ya ndizi.