Mkwe Ametoka Chooni na Mkono wa Tanki

"Mwanangu, hiki kimenifuata," alisema baba mkwe, akakiweka mezani kati ya kachumbari na sahani ya ndizi.

Kilikuwa ni mkono wa tanki la choo, ule wa kubonyeza ili maji yashuke, pamoja na fimbo yake ya plastiki ikichuruzika maji. Kanzu ya mzee ilikuwa imelowa mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, dalili kwamba alijaribu kurekebisha mwenyewe kabla ya kukubali yaishe. Mwandishi wa makala haya, ambaye katika ukoo huo bado yumo kwenye kipindi cha matazamio, alikipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akasema asante. Asante ya nini, hata leo haijulikani.

Asubuhi ya siku hiyo mkono ulikuwa unachezacheza, ndipo akaitwa kijana wa fundi bomba aukaze kabla wageni hawajafika. Kijana akaingiza spana ndani ya tanki, akazungusha kuelekea kulia, upande ambao kila nati duniani hukazwa. Isipokuwa hii. Nati ya mkono wa tanki ina nyuzi za kinyume, kama ilivyo pedali ya kushoto ya baiskeli, na kwa sababu ya maana: ingekuwa na nyuzi za kawaida, kila anayebonyeza angekuwa anailegeza kidogo kidogo. Aliyebuni hivyo alikuwa na akili nyingi, ila hakuona haja ya kumwandikia mtu popote. Basi kijana kadiri alivyokaza ndivyo nati ilivyofunguka, na alipoona inalegea akaongeza nguvu. Alilipwa, akapewa na soda.

Mambo yangeishia hapo, ingebaki hadithi ya kuchekesha ndugu. Lakini fimbo ilipochomoka iliuvuta mnyororo, mnyororo ukanasa, na kifuniko cha mpira kilicho chini ya tanki kikabaki kimeachama.

Tanki la choo ni mtambo wa kupendeza, na ni dhuluma kwamba huwa tunaufunua siku umeharibika tu. Maji yana milango miwili. Wa chini ni hicho kifuniko: mkono ukibonyezwa, mnyororo unakinyanyua, maji yanashuka kwa kishindo, kisha kinarudi mahali pake na uzito wa maji mapya unakibana. Wa juu ni valvu ya boya. Maji yakipungua boya linashuka na valvu inafunguka. Yakijaa boya linapanda na valvu inajifunga. Hakuna umeme wala betri. Ni kanuni ya Archimedes tu inayofanya kazi, tena usiku na mchana, bila posho.

Valvu za siku hizi zimezidi kwa ujanja. Badala ya boya kupigana na msukumo wa bomba, kazi ngumu imeachiwa maji yenyewe. Ndani kuna kiwambo cha mpira chenye kitundu chembamba ajabu, kinachopitisha maji kwenda nyuma yake. Boya likipanda linaziba tundu la kutokea, msukumo unajikusanya huko nyuma, na kiwambo kinabanwa hadi tone la mwisho. Yaani maji yanajifungia mlango. Mwandishi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiutazama mtambo huu muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye watoto.

Ila mtambo huo ulibuniwa na watu ambao kwao maji hayakatiki. Maji yakirudi baada ya mgao, kinachotangulia ni mchanga na kutu, na kitundu chembamba ajabu kinazibwa na punje moja. Msukumo haujikusanyi tena, valvu haifungi, na choo kinaimba usiku kucha.

Siku ya mkwe kiliimba mchana. Kila mtu mezani alikisikia, lakini nani angemwacha mzee na sahani yake ya pilau aende kukagua choo alichotoka yeye? Tanki la juu lilikuwa nusu, kama lita 500. Valvu inayopitisha lita 6 kwa dakika inazimaliza kabla ya saa moja na nusu kupita, na mazungumzo ya mahari ya shemeji yalichukua zaidi ya hapo. Wageni walipomaliza kula, wakainua mikono inayong'aa samli, bomba likatoa pumzi ndefu na tone moja.

Mwaka 1206 Ismail al-Jazari, mhandisi aliyewatumikia watawala wa Diyarbakır, aliandika kitabu cha mitambo, na humo kuna tausi wa kunawia mikono. Tausi anatoa maji mdomoni, maji machafu yanajaa chini na kuinua boya, na boya linamtoa mtumishi wa sanamu akiwa na sabuni. Maji yakizidi, boya la pili linamleta mwingine na taulo. Miaka 800 na ushei baadaye, wazee wa heshima walinawishwa kwa maji ya kunywa ya chupa, na taulo lilikuwa la mtoto, lenye picha ya bata.

Fundi mwenyewe alipokuja alifunua tanki, akatikisa kichwa, akauliza swali ambalo mafundi wote huanza nalo: "Nani alikufungia hii?" Akaambiwa ni yeye.

Wiki hiyohiyo shawa ya umeme iligoma kupasha, kwa kuwa swichi yake husukumwa na maji, na tanki lililo mita 3 juu ya shawa hutoa bar 0.3 tu.

Sinki la jikoni lisitajwe.

Hapo kicheko kinaanza kukauka. Oktoba 2022, ukame ulipoupunguza mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam, mgao ulitangazwa, na watu wakaelewa, mvua haiamriwi. Lakini mgao wa mwaka wa mvua nao nani aueleze? Mwananchi ananunua tanki, ananunua pampu, anaijazia luku, anakesha kusubiri maji ya saa nane usiku, na kinachotangulia bombani ni hewa. Mita nyingi za majumbani huhesabu mizunguko ya kigurudumu chenye mapezi, na hewa inayopita kwa kasi hukizungusha vilevile. Valvu za kutolea hewa kwenye bomba kuu zipo, zinajulikana, ni teknolojia ya zamani. Mtu analipishwa upepo, tena kwa bei ya maji, na akichelewa anakatiwa vyote viwili.

Ankara ya mwezi wa mkwe mwandishi aliipeleka ofisini mwenyewe, pamoja na barua. Karani aliisoma taratibu, akasema mita haidanganyi, mzee, lipa kwanza halafu ulalamike. Akalipa. Karani akachukua mhuri wa IMEPOKELEWA, akagonga, hakikutoka kitu. Wino ulikuwa umekauka. Akafungua chupa yake ya maji ya dukani, akadondoshea kidogo kwenye kidau, akagonga tena.