Sifa za Bwana Mwenye Daftari

Jiji letu lilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na reli ikafika mwaka uleule ili shaba ipate pa kutokea. Tangu hapo kila aliyekanyaga Lubumbashi ameulizwa swali moja: wewe unafaa nini? Leo basi naomba nimsifu, kwa sauti na bila haya, mtu asiyefaa chochote. Anaitwa Lucien. Hachimbi, hauzi, hasafirishi, hakopeshi, hana hata shemeji kwenye ofisi ya forodha Kasumbalesa. Anaandika. Anaishi ndani ya riwaya ya Fiston Mwanza Mujila, Tram 83, iliyotoka Paris mwaka 2014 na kuzunguka dunia kwa lugha nyingi, wakati shujaa wake mwenyewe hajafanikiwa kuchapisha kitu.

Mujila ni mtoto wa hapa, kazaliwa mwaka 1981, na siku hizi makazi yake ni Graz, Austria. Hakulitaja Lubumbashi kwa jina. Alisema tu kuna Jiji-Nchi lililojikata kutoka kwenye nchi yake, lina jenerali mwasi, lina machimbo, lina stesheni ambayo vyuma vyake vimesimama bila kumalizika. Sisi wa Katanga tuliojitenga na Kongo Julai 1960 na kurudishwa kundini Januari 1963 hatukuhitaji ramani. Katikati ya Jiji-Nchi hilo kuna baa, Tram 83, ambako usiku wanakutana wachimbaji, wanafunzi waliogoma, wanamuziki, wazungu waliofuata mawe, na wasichana wanaomsalimia kila mwanamume kwa kumuuliza saa ngapi, ilhali hakuna mwenye haja ya kujua saa. Wote wana biashara. Lucien ana daftari.

Sifa yake ya kwanza ni ugeni wake. Wahenga waliagiza mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Requiem, rafiki yake wa zamani aliyempokea stesheni, mtu wa magendo ambaye ana akiba ya picha za wakubwa wakiwa uchi na anajua bei ya kila moja, alijitahidi sana kumtafutia jembe. Akamwonyesha mji. Akamkokota mpaka machimboni usiku. Lakini ukimpa Lucien jembe, ataliandika jembe: rangi ya mpini, jina la aliyelishika kabla yake, dhambi za mkoloni aliyeliagiza. Ardhi itabaki kama ilivyokuwa. Hebu fikirieni neema hiyo. Katika mkoa ambao kila kilima kimeshatobolewa, tumepata mwanamume mzima mwenye mikono miwili ambaye hajaacha shimo hata moja nyuma yake.

Mkiona nimetia chumvi, nendeni Kolwezi, mtaa wa Kasulo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na watu wa Kasulo waliichukua methali hiyo kama ilivyo. Kobalti ilipogunduliwa chini ya mtaa, kuanzia mwaka 2014, watu walivunja sakafu za vyumba vyao, wakasogeza kitanda, wakateremka. Mtu alikuwa anakwenda kazini bila kutoka nyumbani. Mama anapika bukari upande huu, upande ule kamba inapanda na kushuka na magunia. Hayo ndiyo maendeleo, na betri za simu zenu zinayashukuru. Lucien angekaribishwa kwenye nyumba ya namna hiyo angekaa kitini akauliza kitanda kilikuwa wapi zamani. Angewachelewesha wote.

Kuna wanaonong'ona kwamba mtu asiye na kazi ya maana ni mzigo kwa taifa. Ndani ya riwaya wanamwambia hivyo usoni: nchi haihitaji waandishi. Sina ubishi nao, ila nina kumbukumbu. Nawakumbuka waliokuwa wanafaa. Walifaa kweli, walikuwa na viatu vya chuma, beji za kazi, shule za watoto, mgao wa unga, na king'ora kilichowaamsha mtaa mzima. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 kati yao waliagwa na Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kupewa jina tamu la kuondoka kwa hiari. Kila mmoja akapewa fungu lake na kuoneshwa mlango. Lucien hawezi kupata msiba huo. Huwezi kumpunguza kazini mtu ambaye hajawahi kuajiriwa, na hiari yake haijamtoka mkononi hata siku moja.

Tuje kwenye ukoo, maana mtu hasifiwi akakatiwa nasaba. Binamu yake maarufu hayuko Afrika. Yuko New Orleans, Marekani, anaitwa Ignatius J. Reilly, na aliyemzaa ni John Kennedy Toole katika A Confederacy of Dunces. Ignatius ana miaka thelathini, kofia ya kijani ya kiwindaji yenye masikio, tumbo lenye mlango unaojifunga kila dunia inapomuudhi, na mama anayelipa gharama zote. Kwa maoni yake mambo yaliharibika Enzi za Kati zilipokwisha. Kitabu chake ni cha Boethius, yule Mrumi aliyejifariji gerezani kwa falsafa kabla ya kuuawa, na Ignatius anakitumia kujifariji kila mama yake anapomwambia atafute kazi. Anaishia kusukuma mkokoteni wa soseji mitaani, na anazila mwenyewe. Toole alijiua mwaka 1969 bila kupata mchapishaji. Mama yake akaubeba muswada mlango kwa mlango hadi mwandishi Walker Percy akakubali kuusoma, ukatoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata ukapewa tuzo ya Pulitzer. Kumbe hata nje ya kitabu, mama ndiye aliyefanya kazi yote.

Nikiwapima hawa wawili, lazima niseme Ignatius anachekesha zaidi. Lucien peke yake hachekeshi. Ni ukuta ambao mizaha ya Requiem inaugonga na kumrudia mrushaji. Lakini wameumbwa kwa udongo mmoja. Wote wawili wanaichukia dunia ya leo na hawawezi kukaa mbali nayo jioni moja. Ignatius hukimbilia sinema ili ailaani filamu kwa sauti mbele ya wenzake waliolipa kiingilio. Lucien anaikuta Tram 83 imejaa kelele, ulevi na bei ya kila kitu, roho inamchafuka, na kesho yake usiku yuko palepale. Chuki ya kweli inataka mahudhurio mazuri. Mtu anayesema mji umeharibika huku amejifungia nyumbani ni mvivu wa kawaida, tunao wengi. Huyu wetu anakwenda kuuona uharibifu kila siku na kuuandika tarehe.

Na wote wanaandika kwenye madaftari. Ignatius ametapakaza sakafuni madaftari ya watoto wa shule, humo anaishtaki karne nzima. Hapo naona mkono wa jamaa mwingine wa ukoo huu, wa kwetu kabisa. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, alikuwa akifundisha katika chuo kikuu hapa Lubumbashi alipotoa riwaya ya L'Écart mwaka 1979. Shujaa wake, Nara, ni mwanahistoria anayeandika tasnifu kuhusu Wakuba na haimaliziki. Kinachosalia baada ya kifo chake ni madaftari. Profesa yeyote wa Kasapa, kampasi ya chuo hicho, atawaambia kwamba kutomaliza tasnifu si jambo la ajabu. Ajabu ni kutomaliza kwa heshima kiasi kile. Tena nyuma zaidi, mwaka 1965, mtu aitwaye André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu hiki cha mjini, tahajia kama mdomo ulivyotamka, ikiwaeleza mabwana namna walivyoonekana kutoka upande wa jikoni. Mabwana hao walikuwa wamejenga bomba la moshi refu kuliko kila kitu mjini. Hakuna aliyemwomba boi maoni. Yeye akayaandika.

Hapo mnaona ubaya wa watu hawa. Ukimlipa mtu, unajua ataandika nini. Asiyelipwa hana breki.

Kosa kubwa la Lucien, ambalo mimi nalihesabu kuwa taji lake, ni kuleta marehemu baa. Mchezo wa kuigiza anaoupigania riwaya nzima una jina refu kama treni ya mizigo, na ndani ya jina hilo amempakia Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Ameujaza pia watu wengine wakubwa wa historia, wengi mno, hata rafiki aliyeko Paris anamtaka apunguze wahusika ili mchezo upate jukwaa. Mnaifahamu shida hiyo: unaandaa kikao cha watu kumi, wanatokea ishirini, na kila mmoja ni shahidi wa dini fulani ya kisiasa. Lucien anaumia kuchagua nani afe tena.

Sasa mleteni kutoka kitabuni mkamketishe mtaani Kamalondo, Jumamosi ambayo timu yetu ya Mazembe imeshinda. Spika imeelekezwa barabarani, michopo ya mbuzi inafuka moshi, chupa tupu za bia ya Simba zinaachwa mezani ili hesabu isije ikapotea. Meza ya jirani ina chupa kumi na nne. Ya Lucien ina moja, na bado ina kidogo ndani. Msichana wa baa anapita: Papa, nilete ingine? Papa anainua kidole, maana yupo katikati ya sentensi. Kisha anageukia wanaume wa meza ya pili, wenye mafuta ya mbuzi vidoleni na bao la mwisho bado kichwani, anawauliza kama wanajua kwamba tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliteremshwa kwenye ndege uwanja wa mji huuhuu, akapigwa, na usiku uleule akauawa porini, si mbali na hapa walipokaa.

Wanajua. Bila shaka wanajua. Jino lake, mabaki pekee ya mwili wake, liliporudishwa na Ubelgiji mwaka 2022 lilitembezwa nchini, likapitishwa Shilatembo, pale alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Walisimama barabarani kuliona jeneza likipita. Lakini kujua ni jambo moja, na kuulizwa dakika tano baada ya bao ni jambo jingine. Mwenye baa anapiga hesabu: meza moja, chupa moja, marehemu mmoja. Hata daktari wa uchumi hawezi kuinusuru biashara hiyo. Kila mji wenye akili una mtu wa kuharibu starehe namna hii, na kwa kawaida humpa ukuhani au humfunga. Sisi tumempa kiti cha plastiki karibu na choo, na naona ni ukarimu wa hali ya juu.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nami siifichi. Wanasema Lucien ana unafiki. Anakula kwa Requiem, analala kwa Requiem, halafu anatazama fedha za Requiem kama vile zina harufu. Yule Mswisi, Malingeau, mwenye nyumba ya uchapishaji, anapoonyesha nia ya kumchapisha, mwandishi wetu msafi anagundua kuwa hata usafi unahitaji mfadhili. Ni kweli tupu. Ila niambieni, katika mji ambao wachungaji, majaji na walimu wa hesabu wote wana rafiki anayenunua mawe, kwa nini usafi kamili tuudai kwa mwandishi peke yake? Yeye angalau anaona haya. Requiem haoni, na ndiyo sababu anapendeza na kulala vizuri. Mimi ningependa kunywa na Requiem kila wiki, lakini funguo za nyumba nisingempa.

Nimefikiria zawadi inayomstahili Lucien. Wenzetu wa New Orleans wamemsimamishia Ignatius sanamu ya shaba nyeusi barabara ya Canal, mbele ya lililokuwa duka kubwa la D. H. Holmes, kofia kichwani, anawatazama wapita njia kwa dharau. Nasi tungeweza kumweka wetu mbele ya stesheni. Fundi wa kuyeyusha shaba hatukosi. Shida ni kwamba sanamu ya shaba hapa haimalizi wiki: Jumatatu inazinduliwa na gavana, Alhamisi imekatwa vipande, Ijumaa ipo ndani ya gunia kwenye lori linaloelekea mpakani, na Jumamosi mkono wake wa kulia, pamoja na kalamu, unapimwa kilo. Nikasema tumchonge kwa mabaki ya kile kilima cheusi kilicho chini ya bomba la moshi, takataka za tanuri za miaka mingi. Wakanikumbusha kwamba hata hizo takataka zina kobalti, na tangu miaka ya 2000 kuna kampuni inazirudisha motoni. Mti? Utageuka makaa kabla ya mvua ya kwanza. Saruji basi, lakini saruji wataivunja kutafuta nondo.

Kwa hiyo nimeamua kumlipia bia. Moja. Ya pili Requiem atalipa, kama kawaida.