Kronografu saba za mbizi, kutoka ya mwisho hadi bingwa

Kabla hujanikasirikia, tukubaliane jambo moja. Kazi ya kwanza ya saa ya mzamiaji ni kukuambia umekaa chini dakika ngapi, maana hewa ya mtungi haikopeshwi. Kazi hiyo inafanywa vizuri na ile pete inayozunguka uso wa saa: unalinganisha alama yake na mshale wa dakika, unazama, basi. Tena pete nzuri huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa na ngazi ya boti, itakwambia umekaa sana. Haitakwambia kamwe bado una muda.

Akatokea mtu akasema: tuongeze na kronografu, kipima muda cha kuwasha na kuzima kwa kitufe! Vitufe viwili, vijisaa vitatu, na matundu mawili mapya ubavuni mwa chombo kisichotakiwa kuwa na tundu. Naupenda ukaidi huo kwa moyo wote. Kwa hiyo nimezipanga saba, na kipimo ni kimoja: inakufaa ukiwa umelowa? Bei haimo. Umaarufu haumo. Kompyuta ya kuzamia nayo haimo, ila uivae mkono wa pili, na kwa hilo sitaki ubishi.

7. Kronografu yoyote iliyoandikwa "mita 30"

Haya ndiyo maandishi yaliyoponza saa nyingi kuliko yote. Hizo mita 30 ni za maabara: maji yametulia, mkono hauogelei, hakuna kidole kinachobonyeza kitu. Kwa kiwango cha ISO 6425, saa haiitwi ya mbizi mpaka ihimili angalau mita 100, ijaribiwe kwa mgandamizo unaozidi kina chake kwa asilimia 25, na isomeke gizani kutoka sentimita 25.

Hukumu: ivae harusini. Na kwenye kunawa mikono, nawa taratibu.

6. Rolex Daytona

Nimesikia kelele. Tulieni. Ni saa nzuri, inahimili mita 100, na jina lake ni la mji wa mbio za magari kule Florida. Tatizo ni vitufe vyake vya kukazwa kwa skrubu. Ukivikaza, havibonyezeki. Ukivilegeza ukiwa chini, umeikaribisha bahari sebuleni. Inabidi uiwashe kabla hujaruka, kisha usiiguse mpaka urudi kwenye boti.

Hukumu: juu ya lami ni dereva, ndani ya maji ni abiria.

5. Omega Seamaster "Big Blue"

Jibaba la bluu la mwanzoni mwa miaka ya 1970, mita 120. Limepanda hadi hapa kwa sababu moja: dakika za kronografu zinahesabiwa na mshale mkubwa wa katikati. Kronografu nyingi huziweka kwenye kijisaa cha ukubwa wa punje ya dengu, halafu nyingi kati ya hizo hufika dakika 30 na kuanza upya. Sasa wewe uko chini, miwani imeingia ukungu, maji yamechafuka, na unajiuliza: hii ni dakika ya 8 au ya 38? Tofauti ya majibu hayo mawili si ya kubahatisha.

Hukumu: macho yanashukuru.

4. Citizen Aqualand

Ilitoka 1985 ikiwa na kipima kina cha kielektroniki kilichojitokeza ubavuni waziwazi, bila haya. Ina mishale, ina kioo cha dijitali, na inakumbuka kina kikubwa ulichofika. Sura ya kazi, si ya maonyesho.

Hukumu: ndiyo pekee hapa inayojua uko wapi. (Mashabiki wa Seiko H558, ile aliyovaa Schwarzenegger kwenye filamu ya *Predator*, nimewasikia. Nilishasema umaarufu haumo.)

3. Omega Seamaster Chronograph ya 1993

Hapa ndipo mambo yanapoanza kunoga, kwa sababu vitufe vya hii vimetengenezwa vibonyezwe ndani ya maji, hadi mita 300. Nawe utauliza: nibonyeze kwa kazi gani, na pete ninayo? Kwa kazi ndogo ndani ya kazi kubwa. Pete inahesabu mbizi nzima. Ukifika mita 5 na kusimama dakika 3 kwa usalama kabla ya kuibuka, unabonyeza. Ukifuata dira dakika kadhaa upande mmoja wa mwamba ili urudi kwa muda uleule, unabonyeza. Pete moja haiwezi kushika hesabu mbili.

Kinachonichekesha ni kile kidude cha saa nne, sehemu ya namba 10, cha kutolea heliamu. Ni cha wazamiaji wa kazi nzito wanaoishi siku nyingi ndani ya vyumba vya mgandamizo. Sisi tunaozamia Mnemba na Mafia, heliamu tunaijua kwenye maputo.

Hukumu: vitufe alama zote. Kidude, asante, si lazima.

2. Breitling Avenger Seawolf Chronograph

Mita 1000! Kila mita 10 za bahari huongeza takriban angahewa moja ya mgandamizo. Piga hesabu: kitufe chenye upana wa milimita 4, kikiwa mita 1000, kinasukumwa na maji kwa nguvu ya karibu kilo 13. Bahari yenyewe inataka kukubonyezea. Breitling wakaja na jibu la kijeuri: hakuna tundu. Vitufe vinafanya kazi kwa sumaku, kupitia ukuta wa kasha.

Nani ataipeleka huko? Mmisri Ahmed Gabr alipoweka rekodi ya dunia ya kuzama na mitungi, Dahab, 2014, alifika mita 332.35. Saa ingebaki na hamu ya kuendelea.

Hukumu: uhandisi wa kupigiwa saluti. Vijisaa bado vidogo.

1. Breitling Superocean 2005

Ya katikati ya miaka ya 1960, na bado hakuna aliyelielewa tatizo vizuri kuliko wao. Walijiuliza mzamiaji anahesabu nini. Dakika! Basi mshale wa kronografu wakaufanya uzunguke mara moja kwa saa nzima. Vijisaa vyote wakavifuta. Uso mweusi, alama nene, mshale mmoja mkubwa. Na kwa kuwa mshale unaokwenda hivyo huwezi kuuona ukisogea, wakaweka kidirisha kidogo juu ya namba 6 chenye kidoa kinachobadilika kukuonyesha kama kronografu inatembea, imesimama au iko sifuri.

Mwaka 2022 Breitling waliirudisha sura hiyo kwenye Superocean mpya, kronografu yenyewe wakaiacha. Dhambi kubwa! Na zile za kale zilizobaki, mipira yake ya kuzuia maji imezeeka. Anayeizamisha leo bila kuitengeneza upya anatafuta kilio.

Hukumu: bingwa, kwa mbali. Mwenye Seawolf anayeona nimemdhulumu, alete hoja mezani: akiwa mita 20 kwenye maji ya tope, kile kijisaa alikisomaje?