Nimeuliza Mvua, Nikapewa Upele

Jamani, nyie wa mjini, hivi vidude vya kuongea navyo mnaviwezaje? Mimi mwenzenu nimeshindwa. Niko hapa kata ya Arash, sauti imekauka, bando limekwisha, na kuna watu hawanipi mkono. Ngoja nianze mwanzo.

Mpwa wangu anafanya kazi lodji huko Karatu. Mgeni mmoja akaondoka, akamwachia bahashishi ya ajabu: spika. Ya duara, bapa, juu imevishwa kitambaa, ukubwa kama chapati tatu zimebebana. Na taa janja moja. Mpwa akaona aniletee mimi. Sijui nilimkosea nini yule kijana.

"Mjomba, sasa hunyanyuki tena. Unasema tu, taa inazima."

Swichi yangu iko ukutani, karibu na mto. Nikinyoosha mkono naigusa. Lakini nani anakataa maendeleo?

Kidude kinataka umeme wa soketi. Mimi nina sola ya taa tatu na kuchaji simu. Haya, nikauza mbuzi, nikanunua inveta. Kidude kinataka intaneti. Kwangu mtandao unashika sehemu moja tu, juu ya mti ulio nyuma ya nyumba. Haya, nikapanda, nikafunga simu kwenye tawi, nikawasha hotspoti. Simu ikipigwa, inaita huko juu. Mimi huyo, na umri wangu, mtini.

Halafu mpwa akanieleza inavyofanya kazi, nikajuta kuuliza. Kumbe sauti yangu haiishii chumbani. Kidude kinaidaka, kinaituma kwa intaneti hadi kwenye makompyuta ya mbali, huko ndiko inaamuliwa nimesema nini, ndipo amri inarudi kwenye taa. Yaani neno linatoka Arash, linavuka bahari, linarudi Arash, kuja kuzima taa ambayo naweza kuitemea mate. Na nauli yote inakatwa kwenye bando langu.

Tena ningevumilia, shida ni lugha. Kiswahili UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai, tangu 2021. Tunakiongea watu zaidi ya milioni 200. Kidude changu hakina habari. Kimaa, lugha yetu ya nyumbani, ndio hata usikitaje. Kinataka Kiingereza, na Kiingereza changu mimi ni cha darasa la saba, tena mwaka ule mwalimu wa Kiingereza alihamishwa mwezi wa tatu.

Usiku wa kwanza nikajilaza, nikakohoa, nikasema kama bosi: "Swichi ofu laiti."

Kimya.

"Swichi ofu ze laiti!"

Kikawaka vitaa vyake, kikanijibu kwa adabu kubwa, halafu kikaanza kupiga magitaa. Nikakitukana kwa Kimaa. Kikasema sori. Nikapiga kelele hadi mbwa wakaanza kubweka na ng'ombe wakasimama zizini. Jirani akaja na rungu, akijua ni fisi. Mke wangu akanyoosha mkono wake taratibu, akabonyeza swichi. Giza. Magitaa yakaendelea mpaka asubuhi, maana kuchomoa niliogopa. Nilidhani ukichomoa vibaya unaanza upya.

Sasa sikilizeni hili la upele.

Siku ya tatu mawingu yalitanda. Wazee wamekaa nje kwangu, wanabishana kama mvua itafika. Nikaona hapa ndipo pa kujijengea heshima. Nikakitoa kidude dirishani, nikauliza, kwa Kiingereza, hali ya hewa ya Arash. Kikaongea! Kikaongea dakika nzima! Wazee wakanyamaza, wananitazama kwa macho mengine kabisa. Mimi natikisa kichwa tu, kama naelewa. "Kinasema mvua ipo," nikawatafsiria.

Bahati mbaya alikuwepo kijana wa kidato cha nne. Akaangua kicheko. Kumbe kwa Kiingereza ukitamka Arash, inasikika kama upele. Kata nzima, na watu wake, na mifugo yake, upele! Kidude kilikuwa kinanishauri nisijikune, nipake dawa, na ukizidi nimwone daktari.

Kijana alieleza vizuri, ila wasikilizaji walichukua nusu. Kufika jioni, habari dukani ni kwamba baba fulani ana upele mbaya, hadi anauliza mashine. Nikienda kununua sukari, mwenye duka anaweka chenji juu ya kaunta, hanikabidhi mkononi. Mama mmoja akaniletea magome ya kuchemsha. Nikayachemsha. Sikuwa na upele lakini ningefanyaje, ameyatoa mbali.

Mpwa ananiambia kwa simu (niko mtini) eti mimi ndio nimechelewa, kwamba Siri, yule msaidizi wa kwenye simu, alianza kuongea tangu 2011. Nikamwambia 2011 sisi huku tulikuwa bize. Magari yamepanga foleni ya kilomita na kilomita kwenda Samunge kwa Babu aliyetibu watu kwa kikombe cha dawa, shilingi 500, nani ana muda wa kusikiliza simu? Babu alifariki 2021. Angekuwepo ningempelekea kidude kinywe.

Aliyeniumiza zaidi ni mama yangu, ambaye hapa nyumbani wote tunamwita koko. Alikuja juzi, akakiona juu ya stuli. Akauliza ni nani. Nikamwambia ni binti wa kwenye mashine, hasikii mtu. Koko akakisogelea.

"Takwenya!"

Akasubiri aitikiwe. Mimi nacheka pembeni. Basi akafanya anavyofanya kwa mtoto yeyote aliyeinamisha kichwa: akaweka kiganja juu yake, polepole. Kidude kikawaka vitaa na kuanza kuimba.

Mpwa anasema juu pale pana sehemu ya kugusa, ndivyo kilivyotengenezwa. Nenda kamweleze koko. Yeye anajua binti ana adabu zake, alikuwa anangoja asalimiwe na mkubwa. Kidude amekihamishia kwake, na inveta yangu, na simu bado iko mtini. Jana nilikwenda kumwomba aniwekee muziki kidogo.

"Lete kichwa kwanza," akasema.