Msumari wa Inchi Mbili

Mke wangu alirudi kutoka kliniki na kadi imeandikwa damu 9.6. Mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Habari zilimfikia mama mkwe kabla hata viatu havijavuliwa, na kesho yake jioni akashuka stendi na kuku wawili, mafungu ya matembele na chupa ya chai ya lita tatu.

Nikaona nami nisizidiwe. Niliwahi kusikia kwamba Kambodia walisubu kisamaki cha chuma. Unakichemsha dakika 10 kwenye maji yenye ndimu, chuma kinahamia kwenye chakula. Samaki sikuwa naye. Misumari nilikuwa nayo. Nikachagua mmoja wa inchi mbili, nikausugua kwa jivu, nikautosa kwenye maharage, nikanyamaza kama mchawi.

Aliyeupata ni mama mkwe. Tulisikia "ka!" Akautoa mdomoni taratibu, akaulaza ukingoni mwa sahani, akaniangalia.

"Baba, huyu mwanangu unamlisha au unampigilia?"

Kesho yake tulikwenda kliniki wote watatu, mama mkwe na msumari wake kwenye leso kama kielelezo cha mahakamani. Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Msumari wa dukani, alisema, hujui umechanganywa na nini. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: "Chai mnakunywa saa ngapi?"

Pamoja na chakula, bila shaka. Nani anakula makavu?

Basi kumbe chai ndiyo mwizi wetu. Chuma cha maini na dagaa ni kigumu kukiibia, lakini kile cha maharage na matembele chai hukidaka kabla mwili haujakichukua. Kinachokisaidia ni ndimu, chungwa, hata nyanya mbichi za kachumbari. Na vile vidonge vya kuongeza damu? Mke wangu akainamisha kichwa. Alikunywa siku tatu, akaona choo kimekuwa cheusi, akavificha nyuma ya kopo la unga. Weusi ule, muuguzi akasema, ni chuma kilichobaki tu, hauna neno.

Siku hizi chai hunywewa saa nzima na zaidi baada ya kula. Mama mkwe hukaa na kikombe kitupu mkononi, macho kwenye saa ya ukutani jikoni. Ameitundika mwenyewe, kwa ule msumari.