Bafu la Mzee, Vigae vya Wageni

Bafu la nyumba nyingi za mjini Tanzania, choo na bomba la mvua vikiwa vimebanana humo humo, humwachia mzee uhuru mmoja: kuchagua aangukie ukutani au kwenye ndoo. Kulirekebisha si kazi kubwa. Kinachoikuza ni kikao cha familia, ambamo kila mtoto ana maoni na aliye Dubai ndiye mwenye hela.

Mambo huharibika kuanzia sakafuni. Dukani vigae vinavyong'aa hupangwa mbele, vya kukwaruza hufichwa karibu na stoo, na familia hununua vya mbele kwa kuwaza wageni. Vikishapata povu la sabuni, hata kijana mwenye ndala mpya huvuka bafu kwa heshima. Kinachofaa ni kigae kisichong'aa, tena kidogo, cha sentimita 10 kwa 10 au pungufu. Mistari mingi ya saruji nyeupe katikati ya vigae huupa unyayo pa kung'ang'ania. Sakafu iteremke sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Fundi analijua hilo, ila hupima kwa jicho, na jicho la saa kumi na moja jioni huwa limeshapanda daladala. Ndoo moja ya maji ikimwagwa kabla vigae havijabandikwa humaliza ubishi.

Choo cha kuchuchumaa, ambacho magoti ya uzeeni hukishukia bila ahadi ya kurudi, hupisha cha kukaa, chenye kimo cha sentimita 43 hadi 48. Wengine hukata tundu kwenye kiti cha plastiki na kukiweka juu ya kile cha kuchuchumaa. Sakafu ikilowa, miguu ya kiti hutanuka, na mzee hushuka taratibu huku akiita wajukuu wote kwa zamu.

Kishikio cha ukutani ndicho chenye visa. Kisipokuwepo, mzee hushika reli ya taulo au sinki la kunawia. Hung'oka, naye hulaumiwa kwa kubomoa nyumba. Kishikio cha kweli ni bomba la chuma kisichopata kutu, lenye unene wa sentimita 3 hadi 4, lililofungwa kama sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Liachane na ukuta kwa nafasi ya vidole tu, mkono usije ukapenya hadi kiwikoni. Skrubu zipite kigae na plasta zikaishie ndani ya tofali, zikiwa na plagi zake, si kijiti kilichochongwa kwa kisu. Kanuni za Marekani hutaka kishikio kihimili kilo 113 hivi. Nyumbani yatosha fundi mwenyewe aning'inie kabla ya kulipwa; akisema saruji bado mbichi, hela nayo ibaki mbichi. Kikishakazwa, familia nzima hukigundua: hukitundikia kanga mbili, dodoki na suruali isiyo na mwenyewe, na mzee hurudia sinki.

Swichi ya taa ikae nje, karibu na mlango, isitafutwe kwa kupapasa usiku. Mlango nao ufunguke kwa nje, maana aliyeanguka nyuma ya mlango wa kusukuma ndani hugeuka komeo. Kitasa kiwe cha kufungulika kutoka nje kwa sarafu. Sharti hili wazee wengi hulikataa, na wana sababu: wajukuu wana sarafu.