Sangara Kafika, Marejesho Bado

Mwanza, mnofu wa sangara haujui kungoja. Unatoka ziwani, unapita kiwandani, unalazwa kwenye barafu na kupandishwa ndege. Siku chache baadaye mlaji wa Ulaya anaukamulia limau.

Wenye subira ni makaratasi yake. Kwa Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, bidhaa inayouzwa nje hutozwa asilimia 0, ilhali kiwanda kimeshalipa asilimia 18 kwenye umeme na maboksi. Kilichozidi ni haki ya kiwanda kurejeshewa, kikiomba. Sheria inampa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) siku 90 za kuamua.

Kuamua, si kulipa.

Katikati kuna uhakiki: ankara, risiti za mashine za kielektroniki (EFD), nyaraka za forodha, moja moja. Mlipakodi naye ana kalenda yake: ritani isizidi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Akichelewa, adhabu yake haina foleni.

Mhasibu akiulizwa fedha ziko wapi, hujibu kwa adabu, “Zinashughulikiwa, bosi,” kisha hushika njia ya benki kuomba mkopo wa kulipia kodi ya mwezi huu.